Utalii wa uvuvi Kilombero: Mpango mzuri wa safari huanzia kwenye maji ya mto

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2023 Tanzania ilipokea zaidi ya watalii milioni 1.8 kutoka nje ya nchi. Wengi walikuja kwa vivutio vinavyofahamika duniani kote: nyumbu wa Serengeti, kilele cha Kilimanjaro, fukwe na mitaa ya kale ya Zanzibar. Lipo hata hivyo kundi dogo la wageni ambalo halisikiki sana katika takwimu hizo. Ni wageni wanaosafiri maelfu ya kilomita ili wasimame ndani ya boti mtoni, warushe chambo bandia, wamnase samaki mmoja mwenye nguvu, wampige picha, kisha wamrudishe majini akiwa hai.

Kwa zaidi ya muongo mmoja wageni wa aina hiyo wamekuwa wakifika katika mito ya Mnyera na Ruhudji, inayoshuka kutoka nyanda za juu za kusini na kuungana na mito mingine katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Wanachokifuata ni samaki wa jamii ya Hydrocynus, ambaye wageni humwita chuimilia kwa sababu ya milia ya ubavuni na meno yake makali yanayoonekana hata akiwa amefunga mdomo. Aina inayopatikana katika mabonde ya Rufiji na Ruvu ilitambuliwa na wanasayansi mwaka 1986 na kupewa jina la nchi yetu: Hydrocynus tanzaniae.

Katika kipindi hiki ambacho Serikali inahimiza kupanua wigo wa mazao ya utalii na kufungua vivutio vya Kusini, ni vyema kujiuliza safari ya namna hii hupangwaje, na nani hunufaika inapopangwa vizuri. Jibu linaonesha kuwa uhai wa biashara hii unategemea mambo matatu ambayo mgeni hawezi kuyabeba katika begi lake: maji ya kutosha mtoni, samaki aliye hai, na mwenyeji anayeujua mto.

Miezi ya safari ni miezi ya kiu

Jambo la kwanza katika mpango wowote ni kalenda. Bonde la Kilombero hupata mvua kuanzia Novemba hadi Mei, na mafuriko hufikia kilele chake kati ya Machi na Aprili. Wakati huo mito hujaa tope, maji hutawanyika katika tambarare, na samaki hutawanyika pamoja nayo. Mvuvi wa chambo bandia hana la kufanya, kwa kuwa samaki huyu huwinda kwa macho. Ndiyo maana safari hupangwa katika kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi Novemba, maji yanapokuwa yamerudi katika mkondo wake na kuwa maangavu.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Miezi ambayo mgeni anahitaji mto wenye maji safi ndiyo hiyo hiyo ambayo mkulima anahitaji maji ya kumwagilia, mfugaji anahitaji mahali pa kunyweshea mifugo, na taifa linahitaji maji ya kuendesha mitambo ya umeme. Mto Kilombero huchangia takribani theluthi mbili ya maji ya Mto Rufiji, yanayojaza Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Tone linalompitia samaki wa Mnyera mwezi Septemba lina safari ndefu mbele yake.

Mfano wa kile kinachoweza kutokea hauko mbali. Mto Ruaha Mkuu, ambao nao ni sehemu ya Bonde la Rufiji, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, hali ambayo wataalamu wameihusisha zaidi na matumizi makubwa ya maji katika eneo la Usangu. Viboko hubanana katika madimbwi, na samaki hufa. Mtu aliyepanga safari ya uvuvi kwenye mto uliokauka amepanga safari ya kutazama mchanga.

Kwa hiyo mpangaji makini hutazama mwenendo wa maji kabla ya kutazama bei ya tiketi za ndege. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ndiyo yenye jukumu la kusimamia na kupima maji ya bonde hilo. Kampuni inayouza safari kwa mwaka ujao inapaswa kuwa na mawasiliano nayo, na ijue vibali vya matumizi ya maji vilivyotolewa juu ya mkondo inaoutumia.

Vibali kabla ya ndoana

Jambo la pili ni sheria. Bonde la Kilombero ni ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002 ikiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Mwaka 2023 sehemu ya bonde hilo ilitangazwa kuwa Pori la Akiba Kilombero. Kuingia ndani ya pori la akiba kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Uvuvi, hata ule wa burudani ambao samaki huachiwa, unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Anayeuza safari yenyewe anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Safari moja, kwa maneno mengine, inagusa mamlaka za wanyamapori, uvuvi, utalii na maji, pamoja na halmashauri ya wilaya na serikali ya kijiji. Mpangaji anayeanza kutafuta vibali mwezi mmoja kabla ya wageni kufika anajitafutia hasara. Kwa upande mwingine, kadiri taasisi hizo zinavyowasiliana zenyewe kwa zenyewe, ndivyo mwekezaji mdogo wa ndani anavyoweza kuingia katika biashara ambayo kwa sasa inawafaa zaidi wenye mitaji mikubwa na wanasheria.

Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo

Jambo la tatu ni mwongozaji. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na usemi huo wa pwani unafaa pia kwa mto. Kijana aliyekulia katika kijiji cha kando ya Mnyera anajua gogo lipi limezama wapi, kiboko gani ana ndama, mchanga upi umehama baada ya mafuriko, na saa ngapi samaki wakubwa hutoka kivulini. Ujuzi huo haununuliwi dukani, na mgeni hawezi kuupata kwa kusoma ramani.

Lakini kuujua mto hakutoshi. Mwongozaji anapaswa pia kuendesha boti kwa usalama, kutoa huduma ya kwanza, kuzungumza na mgeni kwa lugha anayoielewa, na zaidi ya yote kumshika samaki bila kumuua. Hili la mwisho ni taaluma. Samaki aliyepigana kwa muda mrefu huchoka kama mkimbiaji, na katika maji ya joto yenye oksijeni kidogo anaweza kuondoka akiogelea na kufa baadaye mahali asipoonekana. Mwongozaji mzuri huhimiza matumizi ya mshipi wenye nguvu ili pambano lisirefuke, waya mfupi karibu na ndoana ili meno yasikate mshipi, na ndoana isiyo na kijino cha nyuma ili itoke kwa urahisi. Hulowanisha mikono kabla ya kumgusa samaki, humwacha ndani ya maji wakati mgeni anaandaa kamera, na humshika akielekea mkondo unakotoka hadi apate nguvu ya kuondoka mwenyewe. Jua linapokuwa kali mchana, husitisha uvuvi.

Ujuzi wa namna hii unakaa katikati ya fani tatu zinazofundishwa katika taasisi tofauti: uvuvi katika Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), wanyamapori katika vyuo vya Mweka na Pasiansi, na ukarimu katika Chuo cha Taifa cha Utalii. Kozi fupi ya pamoja, inayofundishwa kando ya mto wenyewe na kuwapokea vijana wa vijijini hata wale wenye elimu ya msingi, ingezalisha waongozaji ambao bonde linawahitaji.

Usalama nao hauachiwi bahati. Mito hii ina mamba na viboko. Mabonde yake yana mbu wa malaria na mbung'o, na maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Sehemu nyingi ziko mbali na mtandao wa simu. Mpango ulioandikwa unapaswa kueleza nani atapigiwa simu, kwa chombo gani cha mawasiliano, mgonjwa atatolewa kwa boti, gari au ndege, na atafikishwa hospitali ipi. Mgeni anayeuliza maswali hayo kabla ya kulipa hafai kuonekana msumbufu, kwa kuwa anafanya linalostahili.

Hesabu ambayo haijakamilika

Watetezi wa utalii wa uvuvi hutoa hoja yenye nguvu. Samaki akipelekwa sokoni huuzwa mara moja. Akiachiwa, anaweza kunaswa tena na mgeni mwingine mwaka unaofuata, na kila mara mgeni huyo hulipia usafiri, malazi, chakula, boti na mwongozaji. Kwa hesabu hiyo samaki aliye hai ana thamani kubwa kuliko aliye sokoni.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haijakamilika, kwa sababu haisemi fedha zinaingia katika mfuko wa nani. Mvuvi wa mtumbwi anayetega migono na nyavu kando ya mto anauza samaki ili anunue unga, madaftari na dawa. Akiambiwa aondoke katika kipande cha mto ili wageni wavue kwa burudani, na yeye asipate ajira, fidia wala taarifa, hataona uhifadhi. Ataona uzio. Kutangazwa kwa mipaka ya pori la akiba tayari kumegusa maisha ya wakulima, wafugaji na wavuvi wa bonde hilo, na maumivu hayo hayapaswi kuongezwa na biashara inayojiita rafiki wa mazingira. Mtu aliyefungiwa mlango mchana anaweza kurudi usiku na kokoro au sumu, na hapo wote watakuwa wamepoteza.

Njia iliyo bora ni makubaliano yanayofikiwa kabla ya msimu, mbele ya mkutano wa kijiji, yakihusisha vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi. Yaeleze wazi kipande kipi cha mto ni cha wageni na kwa miezi ipi, kipi kinabaki kwa wavuvi wa kijiji, vijana wangapi wataajiriwa, kijiji kitapata kiasi gani kwa kila mgeni, na fedha hizo zitasomwa lini hadharani pamoja na mapato mengine ya kijiji. Idadi ya wageni nayo iwekewe ukomo. Mto unaovuliwa na watu wachache kwa wiki hubaki na samaki wakubwa na hivyo hubaki na bei. Mto uliojaa boti huwapoteza wote wawili, samaki na mgeni.

Watanzania wameshaonesha kuwa wanaweza kuupumzisha uvuvi pale wanapoeleweshwa sababu. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano na nchi jirani. Zambia, ambako samaki wa jamii hii huvutia wavuvi wengi wa burudani katika Mto Zambezi, hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kwa Kilombero, ambako samaki wengi hutegemea tambarare zilizofurika kwa mazalia na makuzi ya watoto wao, kulinda msimu wa mafuriko ni muhimu sawa na kulinda msimu wa wageni. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ikishirikiana na waongozaji, wanaoweza kuandika urefu, mahali na tarehe ya kila samaki anayenaswa na kuachiwa, ingepata takwimu kwa gharama ndogo sana.

Utalii huu hautajaza ndege, na haupaswi kujaribu kufanya hivyo. Faida yake ni nyingine. Unaleta katika vijiji vya mbali mtu aliye tayari kulipa ili mto uendelee kutiririka mwezi Oktoba, na unampa kijana wa kijijini sababu ya kuuliza kwa nini maji yamepungua. Mpango wa safari utakaowaunganisha mgeni, kijana huyo na mto utadumu. Ule utakaomtazama mgeni peke yake utakwisha siku maji yatakapokwisha.