Mtoto Anapohara na Kutapika: Pima Maji Yaliyobaki Mwilini



Mtoto wa mwaka mmoja au miwili aharapo na kutapika, wazazi wengi huhesabu mara alizokwenda choo. Hesabu hiyo inafaa, lakini haitoshi. Kinachomwua mtoto ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo yatupasa kupima kilichobaki.

Yapo mambo manne ya kutazama. Kwanza, hali yake: je, anacheza, ana kero isiyotulizika, au amelegea na haamki vema? Pili, macho: je, yametumbukia kuliko kawaida yake? Mama ndiye ajuaye uso wa mwanawe. Tatu, kunywa: mpe maji kwa kijiko, je, anayapokea kama kawaida, anayagombea kwa kiu, au hawezi kunywa? Nne, ngozi: finya ngozi ya tumbo kando ya kitovu, kisha uiachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili, hatari ni kubwa. Kwa mtoto aliyekonda kwa utapiamlo, ngozi na macho huweza kudanganya. Huyo apelekwe kwa mganga mapema.

Aliyelegea, au asiyeweza kunywa, asingojee asubuhi. Vivyo hivyo mwenye damu chooni, matapishi ya kijani, degedege, au atapikaye kila anachopewa. Aliye Nakivale na awahi kituo cha afya kilicho karibu; aliye Nyamitanga au kambi ya Makenke na aende hospitali ya mkoa ya Mbarara. Mwenye kiu kali na kero naye apelekwe, huku akinyweshwa njiani.

Unga wa ORS huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na ukae saa 24 tu. Kila aharapo, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe kati ya robo na nusu kikombe, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi. Asiachishwe ziwa wala chakula. Kituoni ataongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Dawa za kufunga tumbo asipewe kabisa.

Asidharau mtu kijiko hiki. Mwaka 1971 wakimbizi wa Bangladesh walijaa kambi ya Bongaon, nchini India, wakapatwa na kipindupindu. Maji ya mshipani yalipopungua, Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, mara nyingi kwa mikono ya jamaa zao. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Siri yake ni kwamba sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji huifuata.

Basi, maji ya mto Rwizi na ya ziwa Nakivale yachemshwe kabla ya kunywewa, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtoto apelekwe kuchanjwa. Na wewe askari uendaye lindo, hakikisha kwanza kwamba pakiti mbili za ORS zimo nyumbani, na kwamba kila aliyebaki ajua kuzichanganya.