SOKETI MBOVU SI MCHEZO



Reli haijafika Garissa, na huenda wengine wakauliza mambo ya Hagadera yatuhusu nini sisi watu wa reli. Yatuhusu, kwa kuwa moto hauulizi mtu kazi yake. Katika kambi ile iliyofunguliwa mwaka 1992, watu wengi hununua umeme kwa wenye majenereta, ambao huwavutia waya na kuwatoza fedha. Kinyozi, fundi cherehani na mwenye hoteli ya chai hula kwa waya huo. Soketi ikiharibika, mtu hushika kisu cha jikoni akaifungua. Twasema tabia hiyo iachwe, huko na kwetu pia.

Relini hapana mtu aingiaye njiani kutengeneza kabla njia haijafungwa. Na umeme vivyo hivyo. Zima swichi kubwa kwanza. Nyumba yenye jenereta na sola ina njia mbili, zote zifungwe.

Mambo ya kutazama, bila ya kufungua kitu, ni haya:

1. Taa ikikataa katika soketi moja, ijaribu katika nyingine. Ikiwaka huko, ubovu uko katika ile ya kwanza. Ikikataa kote, tazama taa yenyewe, fyuzi, kisha umeme wa nyumba nzima.

2. Soketi ikiwa na joto, weusi au harufu ya kuungua, mara nyingi skurubu imelegea ndani, na waya uliolegea hupata moto. Usiitumie tena.

3. Birika la chuma likikupiga, umeme unavuja na waya wa ardhi haufanyi kazi au haupo kabisa. Mchanga mkavu kama wa Hagadera haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo chuma cha ardhi yafaa kishindiliwe chini sana, penye unyevu.

4. Fyuzi ikikatika, usitie msumari. Fyuzi ya ampea 13 kwa volti 240 ni ya wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 katika ekstensheni moja zimekwisha kupita kiasi.

Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 yataka kazi hii ifanywe na mwenye leseni.

Najua mtasema fundi ni ghali. Ni kweli, kwa mtu mmoja. Lakini nyumba kumi zikichanga, fundi mmoja atazikagua zote kwa siku chache. Na si haki mzigo wote kumwangukia mpangaji. Auzaye umeme apokea fedha kila mwezi. Basi alete waya mzima, swichi ya kukata na waya wa ardhi. Mwenye nyumba naye apokea kodi, atengeneze.

Mmoja akidai peke yake, huambiwa ahame. Mtaa mzima ukidai, husikilizwa. Hayo tumejifunza katika chama, na nyumbani pia yafaa.

Umoja ni nguvu.