Mpera Hautaki Pupa

Mpera uliopandwa nyuma ya nyumba ya kambini hutupa tunda na dawa pia. Gramu 100 za mapera mabivu zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, takriban mara nne ya machungwa. Vitamini hiyo ndiyo iwakingayo watoto na kiseyeye, maradhi yafanyayo ufizi kutoka damu.

Wengi wetu, kwa tamaa ya mapera makubwa, huumwagia mti yurea na maji kila siku. Naitrojeni ikizidi, mti hukazana kuota majani, na vitamini C katika tunda hupungua. Maji nayo yakizidi wakati wa kuiva, tunda huvimba likawa chapwa.

Basi tufanye hivi. Mche mchanga usikose maji. Mti mzima unyweshwe vema uchanuapo na matunda yakuapo; yaanzapo kuiva, maji yapunguzwe. Kuzunguka shina, bila kuligusa, tuweke samadi iliyooza na jivu kidogo la kuni, lenye potasiamu isaidiayo utamu. Mapera yaliwe bila kupikwa, mara yachumwapo, kwani moto huipunguza vitamini hiyo.

Pera dogo lililokolea lamfaa mtoto kuliko kubwa lililojaa maji.