KIKI HAILIPI KODI, WALIPENI WAPIGA VAYOLINI!

Wadau, hii tabia ya waandaaji wa shughuli hapa mjini imezidi. Wanaita vijana wanne, vayolini mbili, viola na cello, wanawabana pembeni ya keki wapige vibao vya Bongo Fleva watu wakila. Wakidai hela yao, jibu ni lile lile: "Si mnapata kiki?" Haya, kiki inalipa kodi ya chumba? Inanunua nyuzi mpya?

Wakiomba kupiga Haydn, au kitu kipya walichotunga wenyewe, wanaambiwa waache muziki wa wazungu. Wa wazungu kivipi? Hiyo vayolini ndiyo fidla ya taarab ya Zanzibar, miaka na miaka. Mganda Justinian Tamusuza alitunga kazi ya kundi la wanne kama hawa, Kronos Quartet wa Marekani wakaiweka kwenye albamu yao ya Pieces of Africa, 1992, na albamu ikashika namba moja chati ya klasiki ya Billboard.

Kwa hiyo msisingizie kwamba watu hawauelewi. Huo ni ubahili tu.

Na kundi hili halina wa akiba. Kila mmoja ana sauti yake. Mwenye cello akichoka njaa akaenda kuuza duka, wote wanne wamekwisha.

Walipeni, tena kabla ya pilau. Na wewe uliyewarekodi ukaposti bila kuwatag, umo. Bisha hapo chini.