Igeuze Picha Kwanza
Ukiletewa kadi ya picha ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kasimama kakakamaa mbele ya bendera, usihangaike na sura yake, igeuze. Kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866 serikali ya huko ilitoza kodi kwenye picha, hivyo stempu ya senti mbili au tatu, iliyopigwa mstari wa kalamu na mpiga picha, itakudokezea umri wa picha (ingawa walaghai nao wana gundi). Kisha chukua lenzi: picha halisi ya enzi hizo, ya karatasi iliyopakwa ute wa yai, haina vinukta vya matbaa. Ukiviona, umeletewa nakala. Bei ndiyo yenye vituko. Picha za Rais Lincoln zilichapwa kwa wingi mno, si adimu kama wauzaji wanavyoapa. Askari mweusi aliyevaa sare, jina lake limeandikwa kwa wino, kwa kawaida humwacha Lincoln mbali kwa bei. Mimi ningezisaka zile za watoto wa New Orleans waliotoka utumwani, wamejifunika bendera, zilizouzwa kuchangia shule za walioachwa huru huko Louisiana.