Ntobeye haina mgodi wa ganeti, na hilo si tatizo

Siku hizi hotuba yoyote ya madini lazima iwe na maneno mawili: kuongeza thamani. Tangu sakata la makinikia la Machi 2017 maneno haya tumeyasikia mpaka yamechuja. Mheshimiwa anayasema, sisi waandishi tunayaandika, kesho yake anayasema mwingine.

Sina ugomvi na maneno yenyewe. Ugomvi wangu ni picha tunayoiona kichwani tukiyasikia: geti kubwa, walinzi, mitambo ya mabilioni, mwekezaji aliyevaa kofia ngumu. Leo naomba tuyaangalie yakiwa ndani ya ndoo ya plastiki, kwenye chumba cha uani, huko Ntobeye.

Kwa wale ambao jiografia iliwapita kushoto, Ntobeye ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, pembe ile ambayo Tanzania inakutana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya migomba, maharage na kahawa. Ukitaja madini ya Ngara, kila mtu anakimbilia nikeli ya Kabanga. Sawa. Lakini kumbukeni kwamba mkataba uliosainiwa Januari 2021, ule ulioipa Serikali hisa asilimia 16, ulipanga kiwanda cha kusafishia nikeli hiyo kijengwe Kahama, Shinyanga. Yaani hata hiyo thamani ya nikeli ya Ngara ilipangwa kuongezwa nje ya Ngara. Sisemi ni kosa, huenda hesabu zao zina maana. Nauliza tu: kijana wa Ntobeye anajifunza nini mkononi mwake wakati anasubiri?

Ndipo ninapoingia na ganeti.

Ganeti si jiwe moja, ni ukoo wa mawe. Wengi wanaijua ile nyekundu iliyoiva, lakini bonde la Umba kule Tanga linatoa za waridi, za chungwa, na nyingine rangi zake hazina hata jina. Ipo pia ya kijani. Mwaka 1967 mtaalamu wa miamba Campbell Bridges aliiona hiyo ya kijani huku kwetu, upande wa Simanjiro. Hakufanikiwa kuitoa nchini, akahamia Kenya, akaipata tena kule Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikaiingiza sokoni kwa jina la tsavorite, kutokana na mbuga ya Tsavo. Jiwe lililoonekana kwanza Bongo likabatizwa jina la Kenya! Tumezoea kulalamika kwamba tuliibiwa jina. Mimi naona aliyelifikisha dukani likiwa limekatwa na kung'aa ndiye aliyepata nafasi ya kulipa jina.

Sasa, kung'arisha ganeti nyumbani kunahitaji nini? Pipa dogo lenye mfuniko usiovuja, la mpira au plastiki nene. Vyuma viwili vinavyozunguka na mota ndogo ya kuvizungusha. Unajaza mawe mpaka theluthi mbili au robo tatu ya pipa, makubwa kwa madogo, yote ya ugumu unaokaribiana. Unaweka unga wa msasa mkali (silikoni kabaidi), unaongeza maji mpaka yakaribie usawa wa mawe, unafunga, unawasha. Halafu unasubiri wiki nzima, usiku na mchana.

Baada ya hapo unaosha kila kitu, unaweka msasa laini zaidi, wiki nyingine. Unaosha tena, laini zaidi. Mwisho unaweka unga wa kung'arishia, kama oksaidi ya alumini. Kwa jumla ni kama mwezi mmoja. Ukibakiza hata chembe chache za msasa mkali kwenye hatua ya mwisho, mawe yanatoka na mikwaruzo na unarudi nyuma. Lile tope nalo usilimwage kwenye sinki, litaganda bombani kama saruji. Na usijaribu kusaga mawe makavu chumbani, maana vumbi la mawe linaua mapafu. Kila kitu kifanyike na maji.

Umeme? Mota ya wati 25 ikizunguka siku 28 bila kuzimwa inakula chini ya uniti 17. Na hapo Rusumo, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Ngara, maporomoko ya mto Kagera yamejengewa mitambo ya megawati 80 inayogawanywa na nchi tatu. Tusiseme tena kwamba tatizo ni nguvu.

Najua mdau mmoja ameshaanza kupiga hesabu za kununua Prado. Pole pole, ndugu yangu. Pipa halitakutajirisha. Ganeti safi, inayopitisha mwanga vizuri, haiwekwi humo hata siku moja. Hiyo inapelekwa kwa mkata vito aifanyie nyuso zake, kwa sababu pipa litaila uzito na kuiharibia umbo. Kinachoingia kwenye pipa ni yale mawe ya daraja la chini, yenye ukungu na nyufa, ambayo mgodini yanaishia kwenye kifusi. Na hata hayo, yakiwa makubwa na meusi mno, yatatoka yanang'aa lakini bado meusi. Utapata ushanga, vidani, vitu vya kuuzia watalii. Vijisenti.

Kwa nini basi nahangaika nayo? Kwa sababu baada ya mapipa matano, kijana huyo anajua mambo ambayo hotuba haimpi. Anajua kutenganisha ganeti na kioo cha chupa kwa uzito wake kiganjani. Anauona ufa kabla haujalipasua jiwe. Anajua kwamba ganeti ina ugumu wa kati ya 6.5 na 7.5, na kwamba ganeti hiyohiyo husagwa ikawa msasa wa kusugulia mbao. Huyo ukimpeleka kwenye Kituo cha Jemolojia Tanzania pale Arusha, hajaenda kuanza alifu.

Mtu ataniuliza: Ntobeye ina ganeti gani? Umba iko upande wa pili wa nchi! Kweli kabisa. Lakini mwulize Mjerumani wa Idar-Oberstein. Mji ule ulikuwa na akiki yake, wakaisaga kwa magurudumu makubwa ya mawe yaliyozungushwa na maji ya mto, mafundi wakilala kifudifudi juu ya mabenchi. Karne ya 19 akiki yao ikapungua sana. Wakafunga? Hapana. Watu wao waliohamia Brazil waliikuta akiki huko, wakaisafirisha kwa meli hadi kwa mafundi wa nyumbani. Mpaka leo mji ule unakula kwa vito vya nchi za wengine. Jaipur nayo haina mgodi wa tanzanaiti, lakini tanzanaiti ngapi zimekatwa pale?

Sisi tumewekeza sana kwenye kulilinda jiwe. Mwaka 2018 tulizindua ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka Mirerani. Sikatai, wizi ulikuwepo. Lakini ukuta unazuia jiwe lisitoke, haufundishi mtu wa ndani alifanye nini.

Na kuna suala la sheria. Chini ya Sheria ya Madini ya 2010 na marekebisho yake ya 2017, madini ni mali ya wananchi, na kuyafanyia biashara kunataka leseni. Kwa hiyo kijana wa Ntobeye asiokote mawe kwa mtu wa gizani. Anunue kwa mwenye leseni, sokoni, na atunze risiti. Lakini naona haki pia ipo upande wake: sheria iliyotungwa kumbana mtoroshaji isimtie hofu anayejifunza na kilo mbili za mawe ya kifusi. Wizara itoe utaratibu mwepesi, ulioandikwa wazi, kwa wanafunzi wa vito. Na kila chuo cha VETA kwenye wilaya zenye hadithi za madini kiwe na mapipa kadhaa na gurudumu la kukatia. Kwa bajeti ya semina moja ya "kuongeza thamani" pale Dodoma, na posho zake, nadhani tungewaanzisha wengi tu.

Au nyie wenzangu mnaonaje? Tuendelee kusubiri viwanda, au tuanze na ndoo?