Hasira Ipewe Kazi

Msomaji kijana, umefundishwa tangu utotoni kwamba hasira ni hasara. Methali hiyo ni kweli, lakini wapo watu wazima waitumiao kama kifuniko cha chungu. Mwanafunzi akilalamika kwamba maharagwe yana wadudu, au kwamba ameadhibiwa pasipo kosa, huambiwa anyamaze. Mimi ni mwalimu, na nasema wazi kwamba shauri hilo ni baya. Chungu kilichofunikwa juu ya moto hakipoi; huchemka mpaka kikamwagika.

Hata hivyo, baya zaidi ni shauri la wale wasemao kwamba wakubwa hawasikii ila waonapo moshi. Mwezi wa Machi mwaka 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilitiwa moto usiku. Wavulana 67 walikufa. Manung'uniko yalikuwapo shuleni kabla ya usiku ule, lakini ni jibu gani lililopatikana majivuni? Waliokufa walikuwa wanafunzi waliolala. Hasira isiyo na bwana haimtafuti mkosaji. Humla aliye karibu.

Basi tuifanye hasira mtumishi wetu. Moto uteketezao nyumba ndio uivishao chakula. Tofauti ni mafiga. Ukikasirika, usitende neno saa ile. Ondoka, tembea, kunywa maji, hata moyo upunguze mbio. Kisha shika kalamu ujiulize: Nimekosewa nini? Na nani? Nataka kitengenezwe nini? Huenda ukaona kwamba sehemu ya hasira yako ilikuwa aibu, au njaa, au hofu ya mtihani. Sehemu iliyobaki ndiyo haki yako. Idai! Ipeleke kwa mwalimu wa zamu, kwa baraza la wanafunzi, kwa mkuu wa shule, kwa maandishi yenye jina lako. Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha.

Utasema, "Tuliandika, hatukujibiwa." Andikeni tena. Nasi walimu tuna deni hapa: barua ya mwanafunzi isiyojibiwa ni dharau, na dharau ni kuni. Lakini deni letu halikupi wewe ruhusa ya kuua. Awashaye kibiriti gizani akakimbia ni mwoga. Shujaa ni yule asimamaye mchana, akasema neno lake, akangoja jibu.